Mlango wa Mzee Ebeneza

Siku ya kwanza nilipomwona Mzee Ebeneza nilidhani kuna harusi. Alikuwa amesimama mbele ya nyumba ndefu ya bati, jirani kabisa na maji, amevaa suti nyeupe na tai nyekundu, uso unang'aa mafuta, na nyuma yake muziki wa dansi unaunguruma. Mimi nilikuwa na siku chache tu Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, nimehamishiwa zahanati ya huku kutoka Mwanza, na nilikuwa na hamu ya pilau isiyosemeka. Nikarudi nyumbani mbio, nikabadili gauni, nikaja kudoea.

Hakukuwa na harusi. Kulikuwa na ukumbi wa disko, saa sita mchana, na ndani yake hakuna hata mtu mmoja.

Mzee akaniinamia kidogo, mkono mmoja kifuani, wa pili ukinionyesha giza la ndani. Akasema nimechelewa kidogo, lakini nafasi yangu ameitunza. Nafasi yangu! Ukumbi mzima ulikuwa nafasi yangu. Madirisha yalikuwa yamezibwa kwa nailoni nyeusi, taa za rangi zinafukuzana ukutani, na katikati ya dari mpira mkubwa wa vioo unazunguka taratibu na kumwaga vipande vya mwanga sakafuni. Nikacheza. Ningefanyaje? Mimi ni mtu wa Bukoba niliyesomea unesi Mwanza, na Mwanza hakuna ukumbi ambao viatu vyangu havikuufahamu. Siku zote hizo nilikuwa nalia kwamba nimezikwa hai mahali ambapo watu wanaingia kulala pamoja na kuku. Nilicheza peke yangu mpaka gauni likaloa, nikatoka nimepona.

Ndivyo tulivyojuana. Baadaye, jioni baada ya jioni, tukila samaki wa kuchoma kwenye benchi lake, alinisimulia alikotoka.

Alizaliwa hapa hapa Matema, akaondoka kijana kwenda Dar es Salaam, na zaidi ya nusu ya umri wake aliimaliza kwenye mlango wa ukumbi mmoja wa dansi kule Magomeni. Ole wako umwite baunsa. Baunsa, alisema, ni mtu wa kutoa watu nje, na yeye kazi yake ilikuwa kuwaingiza. Alikuwa mkaribishaji. Alijua kumpokea mtu aliyegombana na mkewe, aliyefukuzwa kazi, aliyevaa viatu vya kuazima, akampa neno moja pale mlangoni na mtu huyo akaingia mabega yameshaanza kucheza. Mabendi makubwa yalipita, wanamuziki walizeeka, ukumbi ukabadilishwa rangi mara kadhaa, yeye yuko mlangoni.

Ila kuna jambo moja alilonieleza akicheka, na mimi sikucheka. Mkaribishaji anatazama barabarani. Dansi lote la miaka ile alilisikia kwa kisogo. Alijua kwa masikio wimbo upi unajaza sakafu na upi unawarudisha watu kwenye viti, alijua kishindo cha viatu mia vikigeuka pamoja, lakini kugeuka atazame hakuweza, kwa sababu kila wimbo una mtu anayeingia. Ukumbi ulipofungwa, mwenye ukumbi alimwambia achague kitu kimoja cha kukumbukia. Akachagua mpira wa vioo. Alisafiri nao kwenye basi kutoka Dar mpaka Kyela, ameupakata na kuufunga kitenge, na abiria wenzake walikuwa wakimpisha wakidhani amebeba mtoto mgonjwa.

Akajenga ukumbi wake. Alitaka kitu kimoja tu kabla hajafa: asimame mlangoni, amkaribishe mtu wa mwisho, kisha ageuke na kuitazama sakafu iliyojaa.

Sasa, mtu mwingine angefungua usiku, lakini Mzee Ebeneza hakuwa mjinga. Usiku Matema wavuvi wako ziwani na waliobaki wamelala. Watu wapo Jumamosi mchana, siku ya soko la vyungu. Kina mama wa Ikombe huja alfajiri kwa mitumbwi, vyungu vimepangwa kwenye majani makavu, na wanawake wa Matema na wa Ipinda wanateremka kununua na kuuza. Ikifika saa sita soko limekwisha, lakini upepo unakuwa umeamka na ziwa limechafuka, hivyo watu wa Ikombe hukaa ufukweni kusubiri maji yatulie. Wanakaa hivyo hadi alasiri, hawana la kufanya ila kusukana na kusengenya. Mzee aliziba madirisha ili awaletee usiku mchana. Mimi niliona ni akili ya ajabu na bado naona hivyo.

Lakini hawakuja. Wanaume walikuja kidogo, wakanywa soda wakitazama taa, wakampongeza mzee kwa ukumbi wa heshima, wakaenda zao. Wanawake hakuja hata mmoja. Na si kwamba muziki hawakuupenda. Nilikuwa nawaona kwa macho yangu, wamekaa kule kwenye mitumbwi, spika zikilia mabega yanawacheza yenyewe, mwingine anainuka kabisa na kukata kiuno mchangani, kisha anatazama mlangoni na kukaa chini haraka. Ilikuwa inanitia hasira. Nilitamani niwashike masikio mmoja mmoja niwavute ndani.

Na muda ulikuwa unakwisha. Kiwanja kilikuwa cha mzee pamoja na kaka yake Eliud, mkulima wa mpunga mwenye mashamba upande wa Ipinda. Eliud hakuwa mtu mbaya, ila alipoona nyumba ndefu ya bati, kavu, isiyovuja, aliona ghala. Walikubaliana kwamba ukumbi ukijaa kabla mpunga haujatoka shambani, utabaki ukumbi. Usipojaa, magunia yanaingia na mpira wa vioo unashuka. Mavuno yalikuwa yameanza. Mzee alipiga pasi suti yake kila Ijumaa kama kawaida, lakini alianza kupungua mwili, na mimi nesi niliyaona mapema mabega ya koti yakianza kumning'inia.

Aliyenifumbua macho ni Kisa, mke wa Ambwene, mtoto wa Eliud. Alikuja zahanati kumpima mtoto uzito. Nilikuwa nimeamka vibaya siku ile, nikamuuliza hapo hapo, mtoto akiwa bado ananing'inia kwenye mizani, kwamba ninyi wanawake mna nini na yule mzee, amewakosea nini.

Kisa akatazama sakafu, akacheka kwa aibu. Akasema kwa sauti ya chini, "Dada nesi, tutapitaje? Pale mlangoni amesimama tata."

Tata ni baba. Sikuelewa, na nilimwambia wazi kwamba sielewi. Basi akanieleza polepole, kama mtu anayemweleza mgeni kwamba maji yanalowesha. Huku kwao mkamwana haonani uso kwa uso na baba mkwe wake. Wanaita kutila. Akimwona kwa mbali anakata njia kupita shambani, akiwa naye karibu anageuka pembeni na kujifunika, jina lake halitamki. Na baba mkwe si mmoja. Ndugu zake wote nao ni baba wakwe. Mzee Ebeneza ni mdogo wake Eliud, kwa hiyo kwa Kisa ni tata kamili, na ni tata kwa wake wa vijana wote wa ukoo ule, na mama yake Mzee Ebeneza alitoka Ikombe, kwa hiyo hata kwenye mitumbwi wakamwana wake wamejaa tele. Siku hizi vijana wengi wa mjini wameyaacha, alisema Kisa, lakini yeye hawezi kumpita tata umbali wa nusu hatua, tena anakwenda kukata kiuno. Na wale wachache ambao si wakamwana wake hawawezi kuingia wawaache wenzao nje, maana wamekuja pamoja.

Nikamuuliza kwa nini hakuna aliyemwambia. Akanitazama kwa huruma. Mkamwana amwambie kwa mdomo upi? Na wanaume je? Hapo ndipo nilipolazimika kukaa chini. Wanaume wa Matema waliamini mzee anasimama pale makusudi. Walidhani amejenga ukumbi wa wanaume, na amejiweka mlangoni mwenyewe awe kizuizi ili wake zao wasiingie. Ndiyo maana walikuwa wakimpongeza kwa ukumbi wa heshima.

Nilicheka mpaka mtoto kwenye mizani akaanza kulia. Kisha nikafunga dirisha la dawa kwa muda, nikaenda kwa mzee na sare yangu ya kazi.

Nilimwambia bila kuzunguka, sijui kuzunguka. Alikuwa anafuta vumbi kwenye spika. Aliacha kitambaa, akakaa kwenye ukingo wa jukwaa. Kisha akaanza kusema, kama anajisemea, kwamba mama yake, akimwona babu kwa mbali, alikuwa anaingia kwenye mpunga na ndoo kichwani, maji yanamfika magotini, anasubiri mpaka babu apite. Aliyaona hayo kila siku utotoni. Lakini kule Dar mke wa mwanawe anamwandalia chai, wanataniana, wanatazama mpira pamoja kwenye kochi moja, naye akadhani yale mambo yamekwisha dunia nzima.

"Kwa hiyo ukumbi wangu haujai kwa sababu yangu," akasema.

Nikamwambia ndiyo. Nilimwonea huruma sana, jamani. Mtu aliyejua mlango kuliko kitu chochote duniani, na kumbe yeye ndiye kufuli lake.

Kisha akaniangalia kuanzia viatu mpaka kichwani, jicho la kazi kabisa. Akaniuliza, "Wewe huku ni mkamwana wa nani?"

"Si wa mtu yeyote."

"Basi simama wima nikuone."

Wiki ile sitaisahau. Mchana nachoma sindano, jioni nafundishwa ukaribishaji. Nilidhani nitakuwa nasema karibu na yamekwisha. Wapi! Nilifundishwa kwamba viatu vya mtu havitazamwi, hata akivua nje. Mtu mwenye haya hapewi mkono, anapishwa, tena unapisha ukiwa umegeuka kidogo ili aamini amejiingiza mwenyewe. Anayecheka sana usimcheke, mpe kazi, mwambie awavute wenzake. Mzee alijifanya mteja, akawa anakuja mlangoni kwa namna tofauti tofauti: mlevi, mjane, bibi harusi, askari kanzu. Alipokuja kama bibi harusi, anaburuta shuka, nilianguka chini kwa kicheko, akanikemea kwamba ingekuwa kweli ningemwaibisha bibi harusi wa watu. Tuliicheza michezo hiyo mpaka giza linaingia, na nikagundua nimesahau kuililia Mwanza.

Jumamosi ikafika. Ilikuwa ya mwisho, kwa sababu Eliud alishatuma salamu kwamba mchana ule anakuja na mzigo wa kwanza wa mpunga. Mzee alivaa suti, akapanga nyimbo zake kwenye mashine, akawasha taa, akauzungusha mpira wa vioo kwa kidole, akasimama chini yake kidogo. Kisha akatoka kwa mlango wa nyuma na kuufunga. Alikwenda kukaa upande wa ziwa, kwenye benchi, mgongo umeegemea ukuta wa ukumbi wake. Kabla hajaondoka alinirekebisha kola.

Nilisimama mlangoni. Spika zikaanza. Kule kwenye mitumbwi vichwa vikainuka, na wanawake wakaona kwamba aliyesimama mlangoni ni nesi. Walinong'onezana muda mrefu. Mwisho wakamtuma Tusajigwe, mfinyanzi mzee wa Ikombe ambaye baba wakwe zake walishakufa wote zamani na hamwogopi mtu. Alikuja mikono imekauka udongo, akachungulia ndani, akaniuliza mwenye nyumba yuko wapi. Nikamwambia yuko nyuma ya ukuta, mlango umefungwa, na hatasogea pale mpaka mama wa mwisho aondoke. Akazunguka mwenyewe kwenda kuhakikisha. Akarudi, akawapungia wenzake kanga.

Walikuja kama mvua. Sikupata nafasi ya kutumia hata nusu ya mafunzo yangu. Walivua ndala mlangoni zikawa kichuguu, walipanga vyungu visivyouzwa ukutani, wakaingia wakipiga vigelegele, na walipouona ule mpira wa vioo wakanyamaza ghafla wote, vipande vya mwanga vinawatembea usoni. Halafu Kisa, yule wa kutazama sakafu, alirusha kanga yake juu na kupiga ukelele, na ukumbi ukalipuka. Walicheza dansi za mzee, walizichezea kwa hatua za ngoma zao wenyewe, wakashikana viuno na kuzunguka kama wanavyozungusha udongo, bibi wa meno matatu anamfundisha msichana namna ya kushuka hadi chini na kupanda bila kushika goti. Bati la paa lilikuwa linaitika. Mimi nilisimama mlangoni nikicheza kuanzia shingo kwenda juu, kwa sababu mkaribishaji hachezi akiwa kazini.

Kila wimbo ulipobadilika nilizunguka mbio kwenda nyuma. Mzee alikuwa amebandika kiganja ukutani, macho ameyafumba.

"Wamejaa?" aliniuliza.

Nikamwambia wamejaa hadi jukwaani, wengine wanacheza mlangoni. Akaniuliza kama mpira unazunguka. Nikamwambia unazunguka. Akaitikia kwa kichwa na kuniamuru nirudi mlangoni, mlango hauachwi.

Ndipo Eliud alipofika. Alikuja na pawatila yake, lile trekta dogo la mkono, kijana anaiendesha na inaburuta tela, magunia yamepangwa juu, na yeye amekaa juu ya magunia na kofia yake ya pama. Akashuka na kuja moja kwa moja mlangoni. Akanisalimia mugonile, nikaitika, akasema anakuja kufungua ghala. Kisha akasikia sauti ya mkamwana wake Kisa ikiimba, akajizuia mguu mmoja ukiwa hewani.

Sijawahi kuona mtu mzima anarudi kinyumenyume haraka namna ile. Alijigonga kwenye tela lake. Huko ndani alikuwa na wakamwana wengi sawa na mdogo wake, na hakuna gunia duniani ambalo lingemfanya apite katikati yao wakiwa wamejifunga kanga kiunoni. Akaniuliza watatoka saa ngapi. Nikamwambia, kwa adabu zote nilizofundishwa, kwamba watatoka ziwa likitulia. Akauliza, na Jumamosi ijayo? Nikamwambia Jumamosi ijayo pia. Nikamwelekeza kwa mkono, taratibu, kiganja juu, kwamba wazee wanakaribishwa upande wa nyuma.

Akaenda. Nilimfuata hatua chache mpaka kwenye kona, na nikaona alichokiona yeye. Mzee Ebeneza alikuwa ameinuka kwenye benchi. Alikuwa anacheza. Mtu aliyesikiliza dansi maisha yake yote alikuwa anacheza peke yake mchangani, koti limefunguka, kila hatua mahali pake, anageuka pale hasa ambapo kule ndani miguu mia inageuka, kana kwamba ukuta haupo. Eliud akasimama pembeni akamtazama. Kisha akavua kofia yake, akaiweka juu ya benchi, akaanza kufuatisha vibaya.

Jioni maji yalipotulia wanawake walitoka, wakavaa ndala zisizo zao, wakabeba vyungu, wakateremka kwenye mitumbwi kwa njia ya mbali ili wasikatize upande wa nyuma. Ila Tusajigwe alikwenda. Alibeba chungu kimoja, kipya, chenye michoro ya mistari shingoni, akakiweka chini mbele ya mzee, hatua kadhaa kutoka miguuni pake, kisha akasema, "Wakamwana wako wanasema, ndaga fijo, asante sana, tata. Na wanasema Jumamosi ijayo ukae hapo hapo."

Mzee akakishika chungu kwa mikono miwili, akakigeuza. Nilidhani atalia. Badala yake akauliza Jumamosi ijayo waanze na wimbo upi.

Mpunga ulirudi Ipinda siku ile ile. Sasa nyuma ya ukuta kuna mabenchi manne, maana baba wakwe wa Matema wamejua pa kwenda Jumamosi, na hawataki kubaki nyumbani wakati vijiji vyote viko kwangu. Hakuna ukuta huko wala paa, ni mchanga na maji tu. Lakini ukipita utamkuta Mzee Ebeneza amesimama na suti yake, mahali ambapo hakuna mlango, anawainamia wazee wenzake mmoja mmoja, anawakaribisha ndani.